Siku Ugali Ulipoingia Hotelini

Tulimwita Mpishi, na jina hilo lilimtosha. Nairobi ilikuwa na wapishi tele, kila hoteli na wake, kila nyumba kubwa ya Hurlingham na wake. Lakini ukimtaja Mpishi pale uani nyuma ya hoteli yetu ya katikati ya mji, kati ya mapipa na magunia ya makaa, kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa mfupi, shingo nene, na kofia yake nyeupe ilitiwa wanga ikapigwa pasi mpaka ingesimama peke yake mezani. Mimi nilikuwa nikimletea nyama. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo usiningojee nikupambie maneno. Nitamsema vile nilivyomwona kwa miaka zaidi ya kumi na mitano.

Siku ya kwanza aliniaibisha mbele ya watu. Nilikuwa nimeendesha baiskeli kutoka kichinjio cha Dagoretti, sanduku la bati nyuma, ndani yake paja la ng'ombe lililofungwa kwa kitambaa safi. Nilitaka sana kuingia hoteli ile, maana mtu akiuza nyama pale, mji mzima ulimheshimu. Mpishi alifungua kitambaa, akabonyeza nyama kwa kidole gumba, akangoja aone kama shimo litajaa. Halikujaa.

"Huyu ng'ombe ametembea mbali, na mkamchinja siku ileile," akaniambia. "Mgeni ametoka ng'ambo ya bahari kuja kula uchovu?"

Maweita wakacheka. Nikapanda baiskeli na paja langu, nikarudi Dagoretti na hasira kifuani. Lakini njiani nilifikiria, nikaona mzee huyu hakunitukana bure. Tangu wiki hiyo nilianza kukodi kiwanja karibu na kichinjio, ng'ombe wakifika kutoka Ukambani nawapumzisha siku mbili, wale, wanywe, watulie. Hakuna muuza nyama mwingine aliyefanya hivyo wakati ule. Leo watu wakiniuliza nilipata wapi bucha yangu ya Hurlingham na magari, nawaambia ukweli: nilitukanwa na Mpishi, nikasikia.

Baadaye alinipenda kwa njia yake. Aliniita Bwana Nyama. Mimi ni Mkamba, yeye alitoka upande wa magharibi, na utani wetu haukuisha. Alisema Wakamba tunakoboa mahindi mpaka mahindi yenyewe yanasahau yalikuwa nini, halafu tunaita muthokoi. Nami nilimwambia watu wa kwao hawawezi kuona kuku akitembea bila kumtafutia sufuria. Alikubali. Alisema hilo si tusi, ni sifa.

Kazi yake aliifanya kwa tabia ambazo sijaona kwa mtu mwingine. Mayai alikuwa anayachemsha kwa nyimbo za kanisa. Beti tatu yai linakuwa laini, beti tano gumu. Maweita walizoea, wakiingia jikoni hawasemi yai laini ama gumu, wanasema, "Mbili za beti tatu, Mzee." Taabu ilikuwa wakati wa Kwaresima, kwa sababu nyimbo za majonzi aliziimba polepole, na wageni wote wakala mayai magumu mpaka Pasaka.

Tena alikuwa haulizi wageni wamesema nini juu ya chakula. Alisema mzungu amefundishwa tangu utoto kusema chakula ni kizuri hata kikimkaba koo. Yeye alisimama kwenye dirisha la kuoshea vyombo, mikono nyuma, akitazama sahani zinavyorudi. Akiona mgeni ameacha viazi akala nyama, alijua. Akiona mgeni amekula pembeni akaacha katikati, alijua pia. Mara moja aliinua jani la saladi kwa ncha ya uma, akakuta kipande cha nyama kimefichwa chini yake.

"Huyu ana haya," akasema. "Ameificha ili tusione. Bwana Nyama, hii ni yako, ilikuwa ngumu."

Sikubishana. Niliirudisha ile nyama yote.

Kusoma hakujua zaidi yangu. Upishi alikuwa amejifunza katika nyumba za wazungu kule Hurlingham, kwanza akimenya viazi, halafu akiangalia, halafu akipika huku mwenye nyumba akisifiwa na wageni wake kwa mkono mzuri wa bibi. Alijua sosi za kila rangi. Alijua keki ya mayai inayofura juu ya bakuli kama kofia, na ukifungua mlango wa oveni ovyo inaanguka, kwa hiyo jikoni watu walitembea kwa vidole. Yote haya aliyapika kwa kichwa, bila karatasi. Na kwenye karatasi ya vyakula iliyowekwa mezani, mstari wa chini kabisa, lilikuwa limeandikwa jina la mpishi mkuu, mzungu mmoja mwenye mguu mbaya ambaye mchana mwingi alikuwa ofisini amekaa. Mpishi alikuwa akipika, yule mwingine akiandikwa. Hakulalamika. Lakini nilimwona mara mbili akipitisha kidole juu ya mstari huo, kama mtu anayepima nafasi.

Baada ya uhuru wageni walianza kuja kwa wingi. Hawakuwa wale tuliowazoea, wa kuishi hapa na kutuamuru. Hawa walikuwa watalii, wenye kofia za kaki na kamera shingoni, wanalala usiku mbili mjini, asubuhi ya tatu wanapakiwa kwenye gari kwenda kuona wanyama. Wengi walikuwa watu wazuri. Wanasalimia, wanauliza jina lako, wanalisema vibaya, wanacheka wenyewe.

Mpishi aliishi Waithaka, na mimi nilikuwa nimepanga karibu naye. Jumapili baada ya kanisa tulikaa nje ya nyumba yake kunywa chai, na hapo ndipo mabishano yalipowaka. Jirani yetu mmoja alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mtu aliyesoma, anavaa tai hata siku ya mapumziko. Karani aliona watalii ni aibu. Alisema jana tulifukuza wazungu mlangoni, leo tunawaita warudi dirishani na tunawabebea mizigo. Hoteli ni zao, ndege ni zao, na wakirudi makwao wanaonyesha picha za twiga na za watu wanaoruka na ngoma. Je, hiyo ndiyo sura ya nchi? Na maendeleo gani hayo ya kufundisha watu wazima kunyoosha mkono?

Sikufurahi kumsikia, kwa maana mimi nililisha watoto kwa wageni hao. Nilimwambia wazi kwamba tangu watalii waje, kichinjio kimeajiri watu mara tatu ya wale wa kwanza, na hakuna hata mmoja anayenyoosha mkono, wananyoosha visu. Karani akasema mimi naona tumbo langu tu. Nikamwambia ndiyo, na tumbo langu linaona mbali kuliko tai yako.

Mpishi alikuwa mtu wa ajabu katika mabishano, kwa sababu alikubaliana na kila mmoja wetu halafu akatuacha nyuma. Alisema Karani hajakosea, wageni wanatuona kama barabara ya kwenda kwa simba. Wanalala kwetu siku mbili, wanakula viazi vya kwao na pudini ya kwao, wanaondoka bila kutujua.

"Na kosa ni letu," akasema. "Mimi kwangu nyumbani mgeni akija, nampa kile ninachokula mimi, kizuri kuliko vyote. Hotelini tunampa kile anachokula kwake, kimepoa kidogo. Huyo hatujamkaribisha. Tumejificha asituone."

Karani alimuuliza sasa anataka nini, mzungu ale ugali? Mpishi akasema ndiyo. Ugali, kuku wa kienyeji, kunde na mrenda, ile mboga ya kuteleza, kwenye sahani nyeupe ya hoteli, na kitambaa mezani. Akasema siku hiyo atajua uhuru umefika mpaka jikoni. Karani alicheka akamwaga chai.

Sasa nikueleze kitu kimoja ambacho kilimfanya Mpishi awe Mpishi, na kisipojulikana hutaelewa mengine. Mtu huyu ambaye hoteli nzima ilitembea kwa vidole kwa ajili yake, nyumbani kwake alikuwa hagusi sufuria. Hata mlango wa jiko hakuuvuka. Kwao mwanamume hakai karibu na mafiga, hiyo ni nyumba ya mama, na mwanamume akionekana mle watu wanamhesabu kuwa ameoa lakini hana mke. Kwa hiyo saa za kazi alipikia watu mia na akasifiwa, akirudi Waithaka anakaa kitini anangoja chai. Mkewe, Mama Nafula, aliuza mboga soko la Dagoretti, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, lakini akikutazama unakumbuka makosa yako. Mara moja alilazwa hospitali siku tatu. Mpishi alikula mkate mkavu na maji siku zote tatu, mpaka mimi nikamletea muthokoi, akala bila kusema neno juu ya Wakamba.

Nilimuuliza kama haoni ni kichekesho. Akaniambia kazi ni kazi na nyumba ni nyumba. Hotelini ni ufundi, nyumbani ni mambo ya akina mama. Sikuona tofauti.

Basi yule mzungu wa mguu mbaya akaamua kurudi kwao. Nafasi ya mpishi mkuu ikawa wazi. Kila mtu jikoni alijua nani anastahili, lakini meneja, naye mzungu, alikuwa ameshaandika barua ng'ambo atafutiwe mwingine. Mpishi alivaa kofia yake, akapanda ofisini bila kuitwa. Sikuwepo, lakini weita aliyepeleka chai alisikia yote, na kufikia saa sita tulikuwa nayo sote.

Meneja alisema hana ubaya na Mpishi, ila wageni wa kimataifa wanataka mpishi wa kimataifa. Mpishi akamjibu kwamba mgeni anayetaka mpishi wa kwao angebaki kwao. Wiki iliyofuata kundi la mawakala wa safari lilikuwa linakuja, wale wenye maofisi Ulaya wanaoamua watalii wapelekwe nchi gani na hoteli gani. Na mkubwa mmoja wa wizara angekula nao. Mpishi akaomba chakula cha mchana cha siku hiyo akiandae yeye, chakula cha nchi hii. Wakila, apewe cheo. Sahani zikirudi zimejaa, mzungu aje, na yeye Mpishi atarudi kumenya viazi bila kunung'unika. Meneja alikubali. Weita alisema alikubali haraka, kama mtu aliyeona njia rahisi ya kumaliza maneno.

Nilipomletea nyama siku iliyofuata, jiko lote lilikuwa linaimba. Yeye peke yake alikuwa kimya. Alinivuta kando, nyuma ya magunia ya makaa.

"Bwana Nyama," akasema. "Mimi sijui kupika ugali."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Maisha yake yote ugali alikuwa amepikiwa, na mama yake, na dada zake, na mkewe. Alipotoka kwao alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la mzungu. Na si yeye tu. Wapishi wote mle ndani, wanaume kumi na mmoja, wengi wa kutoka upande uleule, hakuna hata mmoja aliyewahi kusonga ugali. Kazi ya akina mama. Walikuwa wameahidi kuonyesha dunia chakula ambacho walijua kula tu.

Alijaribu. Mimi nililionja jaribio la kwanza, na Mungu anisamehe. Alichanganya unga na maziwa baridi kama anayeanza sosi, akatia siagi, akapima kwa kikombe na kijiko, akakoroga taratibu huku akiimba beti. Ulitoka uji wa mgonjwa. Wa pili ulikuwa na madonge. Wa tatu uliungua chini, juu mbichi. Mrenda aliuchemsha mpaka ukawa kama gundi ya seremala. Watu jikoni wakaacha kuimba.

Jumamosi akaniomba nikae naye Waithaka wakati anajifunza. Unafikiri aliingia jikoni kwa mkewe? Aliweka kiti nje ya mlango, akageuza mgongo, akatazama barabara kama mtu anayepunga upepo, halafu akamwambia Mama Nafula apike huku akisema kwa sauti kila anachofanya. Mama Nafula akaanza. Maji yamechemka. Sasa natia unga. Kiasi gani, akauliza Mpishi. Wa kutosha, akasema mama. Kutosha ni vikombe vingapi? Mama akasema unga wenyewe utakuambia. Mpishi akasema unga hausemi. Majirani wawili walikuwa wameshasimama kwenye ua wakisikiliza, na Karani na tai yake alikuwa wa tatu.

Mwishowe Mama Nafula akatoka, mwiko mkononi, jasho usoni.

"Baba Nafula, ugali haufundishwi kwa kupiga kelele nje. Ingia ndani ushike mwiko, ama uniache nije nipike mwenyewe huko mjini kwenu."

Mpishi aliangalia mlango. Aliangalia majirani. Nilimwona akipigana na nafsi yake, na nilimwona akishindwa.

"Basi utakuja," akasema.

Siku yenyewe nilimchukua Mama Nafula asubuhi kwa pikapu yangu ya kwanza, ile ya kijani. Alikaa mbele kando yangu. Mwiko wake ulikuwa umefungwa ndani ya leso, miguuni kapu la kunde na mrenda alizochuma mwenyewe alfajiri, nyuma kuku walikuwa wanalalamika pamoja na nyama yangu. Tuliingilia uani. Jiko lile halikuwa limewahi kuona mwanamke akishika moto. Wapishi walisimama wakavua kofia bila kuambiwa.

Aliangalia stovu za gesi, akazikataa, akasema moto huu una haraka. Akawasha makaa uani katika majiko matatu. Maji ya majivu ya kulainishia mboga alikuwa nayo kwenye chupa. Aliposhika mwiko, mikono miwili, sufuria kubwa ya supu ya hoteli ikiwa imebanwa kwa miguu ya wapishi wawili isicheze, nilimwona Mpishi ameduwaa. Alikuwa anamwona mkewe akifanya kazi kwa mara ya kwanza. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza.

Sahani alizipamba Mpishi mwenyewe. Hilo nalo nasema kweli, hakuna mwingine angelifanya. Ugali aliukata kwa uzi, vipande vyenye kingo safi, kuku juu, mchuzi umezunguka, kunde za maziwa pembeni na mrenda kidogo kwenye bakuli ndogo. Nimekula ugali maisha yangu yote na sikuwahi kuuona mzuri hivyo. Maweita wakabeba. Yeye akaenda kusimama dirishani pake, mikono nyuma.

Sahani ya kwanza ikarudi tupu. Lakini hiyo ilikuwa moja tu. Ya pili tupu. Ya tano ilikuwa imepanguswa kwa tonge mpaka inang'aa. Weita akaja mbio akasema mama mmoja mzee wa kizungu ameacha uma, anakula kwa mkono kama mkubwa wa wizara anavyomwonyesha, na meza nzima imemfuata. Wengine wanataka kuongezwa mrenda. Sahani moja tu ilirudi imejaa, ya meneja. Jiko lilicheka mpaka mafuta yakaungua.

Halafu wakamwita mpishi atoke wamwone. Alishika kofia yake, akaiweka sawa. Alimtazama Mama Nafula, aliyekuwa anaosha mwiko kwenye bomba la uani, akafungua mdomo, akaufunga. Akatoka peke yake. Tulisikia makofi kupitia ule mlango wa kusukuma. Mkubwa wa wizara alimpa mkono, mawakala wakampiga picha, na meneja, mbele ya watu wote, hakuwa na njia ila kumpa kazi. Alirudi jikoni akiwa mpishi mkuu, na wanaume kumi na mmoja wakambeba juu juu.

Mama Nafula alikuwa ameshapanda pikapu. Alikuwa na mboga za kuuza kabla jua halijapinda. Tulipofika njia ya Dagoretti aliniuliza kama walikula. Nikasema walikula wakamaliza. Akauliza kama mumewe amewaambia nani alipika. Nilishika usukani kwa nguvu, nikasema barabara imekuwa mbaya siku hizi. Akatazama nje, na hakuniuliza tena.

Yaliyofuata yaliujaza mji. Ugali uliandikwa kwenye karatasi ya vyakula ya hoteli yetu, na chini kabisa jina la mpishi mkuu lilikuwa jina la mtu wa Waithaka. Mawakala walirudi kwao wakasema Nairobi unakula na wenyeji, huoni wanyama peke yao, na vikundi viliongezeka. Hoteli nyingine zikaiga kabla mwaka haujaisha. Akina mama wa soko la Dagoretti, ambao jana waliuziana mboga wao kwa wao, walianza kupeleka kunde mjini kwa magunia, wakaungana, wakajenga kibanda cha mawe chenye bati. Mimi nilifungua bucha Hurlingham. Karani alileta gazeti lenye picha ya Mpishi na sahani, akasema hii sasa ndiyo sura ya nchi, ingawa hoteli bado si yetu. Mpishi akamwambia kila kitu kwa zamu yake. Na baada ya miaka michache hoteli ikapata meneja Mkenya, na Karani akaacha hata hiyo "ingawa" yake.

Lakini uungwana wa Mpishi ulikuwa na ufa, na nikiuficha nitakuwa sijamsema. Kila Jumatatu aliwatuma wapishi wake Waithaka, wanaume wazima wakikaa kwenye vigoda jikoni kwa Mama Nafula, wakijifunza kusonga. Yeye alibaki nje kwenye kiti chake. Na waandishi wakija kumuuliza alijifunza wapi chakula hiki, alisema ni cha kwetu, tumezaliwa nacho. Mtu aliyetaka wageni watuone sisi wenyewe, mkewe alimficha. Nilimwambia hivyo mara moja, siku nilipokuwa nimekasirika. Hakuja kwangu mwezi mzima.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema, alikuwa ameshastaafu. Ilikuwa mchana, miaka ya sabini inakwenda ukingoni. Alikuja buchani Hurlingham amevaa suti ya kanisani, Mama Nafula kando yake na kitambaa kipya kichwani. Akaniambia nivue aproni, nitafute koti. Tukaenda mjini, watu watatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tuliingia hoteli ile kwa mlango wa mbele.

Tuliketi. Ukumbi ulikuwa umejaa watalii. Tukaletewa ugali na kuku, na Mama Nafula akanawa, akakata tonge, akatafuna akiwaza. Bibi mmoja mtalii wa meza ya pili alikuwa anahangaika na uma, akamtazama, na mama akamwonyesha kwa mkono wake jinsi ya kubonyeza shimo kwa kidole gumba na kuchota mchuzi. Wakacheka pamoja bila maneno.

Hapo meneja kijana akamtambua Mpishi. Alifurahi kweli. Akapiga makofi kuomba ukimya, akawaambia wageni wote, kwa Kizungu na kwa Kiswahili, kwamba mzee huyu ndiye aliyepika ugali wa kwanza hoteli hii na kufungulia nchi njia. Watu wakapiga makofi, kamera zikainuka. Mpishi akasimama. Nilidhani atainamisha kichwa kama alivyozoea.

"Meneja, pole, umeambiwa uongo, na niliyekuambia ni mimi," akasema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Ugali ule sikupika. Mimi sijui kupika ugali hata leo. Alipika huyu, mke wangu, na akatokea mlango wa nyuma. Hayo makofi ni yake. Tafadhali wape wageni hayo maneno kwa Kizungu chao, usipunguze."

Meneja akayatoa, hakupunguza. Ukumbi ukainuka. Wote, watalii na maweita, na yule bibi wa meza ya pili wa kwanza kabisa. Mama Nafula alikaa akiwatazama mpaka makofi yakapungua. Akafuta mkono wake, akasimama kwa urefu wake wote.

"Asanteni," akasema. Akamgeukia meneja. "Lakini mwanangu, hawa wageni mnawapa ugali haujasongwa vizuri. Jiko liko wapi?"

Meneja alimtangulia mwenyewe, akamshikia ule mlango wa kusukuma, na mama akapita katikati ya meza kama mtu anayekwenda kwake. Mpishi alibaki amesimama kidogo. Halafu akavua koti la suti, akaliweka kwenye mgongo wa kiti, akakunja mikono ya shati, akamfuata mkewe jikoni.

Nikabaki na watalii. Yule bibi akanisogelea, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kuna nini sasa.

"Ngojeni kidogo," nikamwambia. "Mwenyeji wenu anapika."